Sumbawanga: Jina Linalochekwa, Historia Isiyosomwa

Majuzi nilikaa benchi moja na kijana katika stendi ya mabasi jijini Dar es Salaam. Tukasalimiana, nikamuuliza kwao ni wapi. Akajibu, "Mbeya, mzee." Basi lilipoingia nikaona tiketi yake: Sumbawanga. Akacheka kwa haya. "Nisamehe, mzee wangu. Ukitaja Sumbawanga, watu wanaanza kukuuliza ungo wako umeuegesha wapi."

Utani huu sote tunaujua, na wengi wetu tumeucheka. Lakini utani unaomfanya kijana akane kwao si utani mdogo. Kwa hiyo wiki hii naomba twende Ufipa, tuone tunachokicheka ni nini.

Tuanze na hilo jina. Wazee wa huko wanaeleza kuwa "sumba" ni tupa, na "wanga" ni uchawi. Yaani mgeni alikuwa anaambiwa: kama umekuja na uchawi wako, utupe huko huko kabla hujaingia kwetu. Sisi tumeigeuza amri ya kukataza uchawi kuwa tangazo la kuuza uchawi! Na imani za uchawi ziko Pwani, ziko Usukumani, ziko hata hapa mjini katika vibao vya waganga vilivyopigiliwa kwenye nguzo za umeme.

Sasa tuitazame nchi yenyewe. Bonde la Ufa la magharibi limepasua ardhi mara mbili. Upande mmoja kuna Ziwa Tanganyika, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi, lenye kina cha mita zaidi ya 1,400. Upande wa pili kuna Ziwa Rukwa, lenye maji ya chumvichumvi na kina kifupi, lisilo na mto wa kuyatoa maji yake. Katikati ya mabonde hayo imeinuka nyanda ya juu ya Ufipa, nchi ya nyasi na baridi, na juu ya mji wa Sumbawanga kuna milima ya Mbizi inayopita mita 2,000. Kusini, mpakani na Zambia, Mto Kalambo unaanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja. Karibu na maporomoko hayo, upande wa Zambia, wataalamu walifukua magogo mawili yaliyochongwa yakapachikana. Mwaka 2023 walitangaza kuwa umri wake ni miaka isiyopungua 476,000. Duniani kote hakijaonekana kitu kilichojengwa kwa mti cha zamani kuliko hicho.

Ndugu msikilizaji, Wafipa walikuwa mafundi wa chuma. Walijenga tanuri za udongo zinazoitwa malungu, ndefu kuliko mtu, zenye matundu kuzunguka chini. Walizijaza makaa na mawe ya chuma, wakawasha. Hapakuwa na mtu wa kuvukuta. Urefu wa tanuri wenyewe ulivuta upepo kwa siku kadhaa, kama dohani ya kiwanda. Kisha chuma kilisafishwa katika tanuri ndogo kwa mivukuto, kikafuliwa majembe na mashoka. Ni kweli kulikuwa na dawa na miiko, lakini dawa bila hesabu ya hewa na moto haitoi jembe. Kazi hiyo ilififia wakati wa ukoloni, majembe ya Ulaya yalipojaa madukani. Baadhi ya malungu bado yamesimama huko mashambani.

Hata kilimo chao kilikuwa na elimu. Walifukia nyasi ndani ya matuta ya mviringo, zikaoza zikawa mbolea, ndipo wakapanda ulezi na maharage. Leo mtaalamu wa kilimo angeita hiyo mboji.

Katika utawala, simulizi linaanzia Milansi, kijiji cha watawala wa kale waliohusishwa na ufundi wa chuma. Mtawala Ntatakwa alionywa kuwa watakuja wageni kuchukua nchi, akamwagiza mkewe asiwape kiti chake. Siku moja akiwa mawindoni, wakatokea wanawake watatu wa ukoo wa Watwa, na mke akawapa kiti. Mume aliporudi, hapakumwagika damu. Wageni walichukua utawala wa nchi, Milansi ikabaki na ardhi yake na heshima ya kuwasimika wafalme wapya. Baadaye ufalme uligawanyika kuwa Nkansi na Lyangalile, na jina la kwanza bado tunalisikia katika Wilaya ya Nkasi.

Miaka ya 1840 walifika Wangoni kutoka kusini ya mbali, wakiongozwa na Zwangendaba, ambaye alifia hapo hapo Ufipa. Baada ya kifo chake jeshi lilisambaratika: wengine wakaenda kaskazini, wengine Malawi na Zambia, wengine Songea. Kwa hiyo historia ya Songea ina ukurasa wake Ufipa.

Mwaka 1880 alipita Joseph Thomson, kijana wa Kiskoti, akaona wakulima watulivu kuliko askari. Aliliita Ziwa Rukwa jina la Leopold. Jina hilo halikushika, na nadhani hakuna anayelililia.

Kisha yuko mtu ambaye kila Mtanzania angepaswa kumjua: Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali, akatekwa utotoni akauzwa utumwani. Wamisionari wa White Fathers walimkomboa huko Algeria, akasomea uganga wa kisasa Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, akatibu watu hadi uzeeni. Alifariki mwaka 1956. Hospitali moja ya Sumbawanga inaitwa kwa jina lake. Mji tunaousema kwa uchawi umemwenzi daktari!

Mkoa wa Rukwa ulizaliwa mwaka 1974, na mwaka 2012 Katavi ikamegwa kutoka humo. Kabla ya kumegwa ulikuwa umekwisha kutoa Waziri Mkuu, Mizengo Pinda wa Mpanda, aliyeshika wadhifa huo kuanzia 2008 hadi 2015. Ulimtoa pia Chrisant Mzindakaya, aliyefariki mwaka 2021, ambaye hoja zake bungeni watu waliziita "mabomu". Mawaziri waliziogopa, na ndani yake hamkuwa na hirizi, bali karatasi zenye ushahidi.

Kwa miaka mingi Rukwa ilihesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kama mikoa minne mikubwa ya mahindi. Na mahindi hayo yalisafiri kwa barabara ya vumbi na tope, kwa kuwa lami kutoka Tunduma ilifika Sumbawanga katika muongo wa 2010 tu. Nchi ilikula ya Ufipa miaka yote hiyo, na malipo yetu yakawa kicheko.

Sisemi tuache utani. Watani wana haki yao, na Wafipa wenyewe ni watani wazuri. Ninachosema ni kwamba utani haufai kuwa kitu pekee tunachokijua juu ya watu. Kijana yule alijua hadithi ya ungo kwa sababu anasimuliwa kila siku. Ya malungu, ya Milansi na ya Atiman, nilipomuuliza, hakuzijua. Hilo ndilo lililonisikitisha kuliko tiketi yake. Mtu hawezi kujivunia kitu ambacho hakuna aliyemwambia kuwa ni chake.