Orodha ya waliopotezana: kutoka fishi za karatasi hadi seva

Mwezi wa Julai 1994, kwa siku chache tu, watu karibu milioni moja walivuka mpaka kutoka Rwanda na kuingia Goma, wakati nchi ikiitwa bado Zaire. Walijazana Kibumba, Katale na Mugunga, na kipindupindu kikaua makumi ya maelfu. Katika msongamano ule, watoto waliachana na wazazi wao njiani. Wengine walikutwa wamekaa kando ya maiti ya mama. Msalaba Mwekundu wa kimataifa (CICR), HCR, UNICEF na mashirika mengine waliandikisha watoto zaidi ya 100,000 waliokuwa hawana mzazi karibu nao, ndani ya Rwanda na katika nchi jirani.

Kazi hiyo ilianza na fishi ya karatasi. Mtoto aliulizwa jina lake, jina la baba, jina la mama, kijiji walikotoka, na nani alikuwa naye mara ya mwisho. Mwenye miaka mitatu alijibu kwamba mama yake anaitwa Mama. Kwa wadogo kama hao zilipigwa picha na kubandikwa kwenye mbao, wazazi wakawa wanapita kuzitazama moja moja.

Lakini fishi ya mtoto ilikuwa Goma, na mama yake labda aliandikishwa Ngara, Tanzania, au alikuwa amerudi kijijini. Karatasi mbili zilizo katika miji miwili haziwezi kukutana zenyewe. Lazima awepo mtu au kitu cha kuzilinganisha.

Shida hiyo ni ya zamani. Mwezi wa Agosti 1914, vita kuu ya kwanza ilipoanza, CICR ilifungua mjini Geneva ofisi ya kutafuta wafungwa wa vita. Nchi zilizokuwa zikipigana zilituma orodha za wafungwa, familia zikatuma barua za kuuliza. Kila jina liliandikwa kwenye kadi, na kadi zikapangwa kwa alfabeti. Kadi ya anayetafutwa ilipoangukia karibu na kadi ya mfungwa mwenye jina lile lile, jibu lilipatikana. Hadi mwisho zilikuwa kadi karibu milioni 7. Mpango huo ulifaulu kwa sababu kila kitu kilikuwa katika nyumba moja. Hapo hapo ndipo palikuwa na udhaifu wake: aliyetaka kujua kitu alipaswa kuandikia Geneva na kungoja.

Mwaka 1970 Edgar Codd, mtaalamu wa hesabu wa kampuni ya IBM huko Marekani, alitoa andiko lililobadilisha kazi hiyo. Alipendekeza habari ziwekwe katika majedwali ya kawaida, yenye mistari na safu, na anayeuliza asihitaji kujua habari imelala wapi ndani ya mashine. Aseme tu anachotaka: nipe watoto wote wa kike, chini ya miaka sita, waliotoka kijiji fulani. Miaka michache baadaye wenzake wa IBM walitunga lugha ya kuuliza maswali ya namna hiyo, SQL, na mpaka leo ndiyo inayotumika karibu kila mahali.

Kutoka hapo ilibaki hatua moja, kuunganisha mashine kwa mtandao. Kompyuta moja inaachwa ikiwaka usiku na mchana, na ndani yake programu ya hifadhidata inangoja maswali. Hiyo ndiyo seva. Kompyuta nyingine, ziwe chumba cha pili au nchi ya pili, zinaituma swali na kupokea jibu. Makarani kumi wanaweza kuandika kwa wakati mmoja, na seva inahakikisha wawili hawagombei mstari mmoja. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, jambo ambalo Goma hakuna wa kulishangaa, seva iliyopangwa vizuri haibaki na nusu ya mtoto: ama ameandikwa kamili, ama hakuandikwa kabisa na karani ataanza upya.

Kuiweka programu hiyo kwenye mashine si kazi ya kutisha. Fundi anaweza kuimaliza kabla ya saa sita mchana. Kazi ngumu inakuja baadaye na haiishi. Nani aruhusiwe kusoma? Nani aruhusiwe kubadilisha? Nakala ya kila usiku inalala wapi, ili nyumba ikiungua orodha isiungue nayo? Na waliotunga programu wakitangaza kwamba kuna mlango umebaki wazi, nani ataufunga, na lini?

Baada ya 1994 kompyuta zilisaidia sana kulinganisha fishi za watoto, lakini wazazi kambini hawakuwa na kompyuta. Majibu yalirudi kwao kwa karatasi zilizobandikwa na kwa redio. Mwaka ule ule BBC ilianzisha kipindi cha Kinyarwanda na Kirundi kilichosoma majina ya watu wanaotafutana. Kiliitwa Gahuzamiryango, yaani kinachounganisha familia. Kwa watu wengi redio ndiyo ilikuwa mwisho wa mtandao, na bila redio seva ingejua majibu peke yake.

Majina yenyewe ni mtego. Kwa Wanande, mwana wa kiume wa pili huitwa Kambale. Mtu akiuliza Kambale wa Lubero, mashine itamletea umati. Huko Bushi karani mmoja anaandika Cibalonza, mwingine Chibalonza, na kwa kompyuta hao ni watu wawili. Tena RDC haijahesabu raia wake tangu 1984, na kwa miaka mingi kadi ya mpiga kura ndiyo imekuwa kitambulisho cha wengi. Aliyekimbia usiku na kuiacha nyumbani hana karatasi ya kumtaja. Ndiyo maana kila mtu katika hifadhidata anapewa namba isiyofanana na ya mwingine, na kitu kingine kinaongezwa cha kuthibitisha: jina la babu, alama ya mwilini, picha.

HCR ilianza kutumia mfumo wake wa kompyuta wa kuandikisha wakimbizi, proGres, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa muda mrefu ofisi zilikuwa na seva zao, kila moja na orodha yake. Familia iliyohama kambi iliweza kuonekana mara mbili, au kukosekana kote kuwili. Kuanzia 2015 shirika hilo lilianza kuhamia mfumo mmoja unaofikiwa kwa intaneti, likaongeza alama za vidole na picha ya mboni ya jicho, zinazolinganishwa na hifadhidata ya kati. Majaribio ya alama hizo yalikuwa yamefanyika kabla katika kambi ya Dzaleka, Malawi. PAM nalo lina mfumo wake wa ugavi wa chakula. Mhamaji anayetoa kidole chake mara tatu kwa mashirika matatu hajakosea kushangaa: orodha hizo hazizungumzi zote pamoja.

Kuzikutanisha zote mahali pamoja kuna faida, lakini kuna hatari pia, na katika eneo hili la Maziwa Makuu hatari hiyo inajulikana. Kitambulisho cha Rwanda, tangu enzi za Wabelgiji katika miaka ya 1930, kilikuwa kimeandikwa kabila la mtu. Mwaka 1994 mstari huo mmoja ulitosha kumuua mtu kwenye kizuizi cha barabara. Mashine inamjibu kila aliyefaulu kuingia, awe mama anayetafuta mwana au awe mwenye nia mbaya.

Tarehe 18 Januari 2022 CICR iligundua kwamba wezi wa mtandaoni walikuwa ndani ya seva zake. Walikuwa wameingia tangu tarehe 9 Novemba 2021, siku 70 kabla. Zilizofikiwa ni habari za watu zaidi ya 515,000, zikiwa zimekusanywa na vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu 60 hivi duniani: waliopotezana na familia kwa sababu ya vita, uhamaji na maafa, watu waliotoweka, wafungwa. CICR yenyewe ilieleza njia waliyopita. Kulikuwa na kasoro katika programu inayohakiki neno la siri, dawa yake ilikuwa imeshatolewa, na haikuwekwa kwa wakati. Mlango ule ule wa kufunga.

Hakuna jumba lililobomolewa wala risasi iliyopigwa. Hata hivyo mfumo wa kuunganisha familia ulizimwa kwa muda, nao mpaka siku hiyo ulikuwa ukisaidia kuunganisha watu 12 kwa siku kwa wastani. Wafanyakazi walitafuta njia za mkato ili kazi isisimame kabisa, seva zikajengwa upya kwa ulinzi mkali zaidi, zikajaribiwa, kisha zikawashwa tena.

Ilibaki kuwajulisha wenye majina. Wengine walipigiwa simu, wengine waliandikiwa barua, kukatolewa pia matangazo ya hadhara. Kwa walio mbali na simu na barabara, ilibidi timu zifunge safari hadi vijijini kwao, ziwaambie ana kwa ana.