Sakafu za Pwani, kutoka Chokaa hadi Epoksi

Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni virefu lakini vyembamba. Upana wake kwa kawaida hauzidi mita tatu hivi, hata katika nyumba za matajiri wa karne ya 18 ambao hawakupungukiwa fedha wala mafundi. Kipimo hicho kiliwekwa na boriti. Mti wa mkoko ni mgumu na hauliwi upesi na mchwa, lakini ukirefushwa kupita hapo hulemewa, na mzigo uliokuwa juu yake haukuwa mdogo: mawe ya matumbawe, kifusi na chokaa, vyote vimepondwa mpaka vikawa kitu kimoja. Ukubwa wa chumba ulifuata uzito wa sakafu iliyokuwa juu yake.

Ufundi huo tayari ulikuwa na umri mkubwa. Huko Shanga, kisiwani Pate, wachimbaji wa mambo ya kale wakiongozwa na Mark Horton katika miaka ya 1980 walikuta misikiti ya miti na udongo, mmoja juu ya mwingine, chini ya msikiti wa mawe. Kufikia mwanzo wa karne ya 14, Sultani al-Hasan ibn Sulaiman wa Kilwa alijengewa Husuni Kubwa, kasri lililo juu ya mwamba unaotazama bahari, lenye kidimbwi cha pembe nane. Waashi waliokijenga walikwisha kuyajua maji: yanapopita, yanapokwama, na yanachokiharibu.

Chokaa yenyewe ilitokana na bahari. Magogo yalipangwa kwa duara, matumbawe yakarundikwa juu yake, kisha tanuu likawashwa moto. Joto likikaribia nyuzi 900, jiwe hutoa hewa ya kaboni iliyomo ndani yake, likabaki jepesi na lenye kiu. Likimwagiwa maji huchemka na kusambaratika kuwa unga. Fundi mzuri hakuutumia upesi. Chokaa iliachwa ilale kwa miezi, kwa sababu chembe ambayo haijaiva hufura baadaye ndani ya lipu na kuipasua. Ikishapakwa, polepole hujirudishia hewa ile ile iliyoipoteza motoni, ikawa jiwe tena.

Juu ya boriti zilipangwa bamba za matumbawe, ukafuata mchanganyiko wa chokaa, mchanga na vipande vya mawe, ukapigwa kwa vibao vya mti siku baada ya siku. Kupiga huko ndiko kulikoushindilia na kuziba nyufa kabla hazijakomaa. Katika Unguja ya karne ya 19 sehemu kubwa ya kazi za ujenzi iliwaelemea watumwa, wanaume kwa wanawake, waliobeba mawe na chokaa vichwani. Sakafu nyingi za Mji Mkongwe zinazosifiwa leo ni kazi ya mikono yao, na majina yao hayakuandikwa popote.

Saruji ya Portland, ambayo Joseph Aspdin wa Leeds aliipatia hataza mwaka 1824, ilifika pwani hii kwa meli. Mfano wake mashuhuri uko Mkunazini, Unguja, palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Hapo Askofu Edward Steere, huyo huyo aliyeandika kitabu cha sarufi ya Kiswahili, alijenga kanisa ambalo paa lake la kuba refu lilifanywa kwa vipande vya matumbawe vilivyoshikwa na saruji, bila kubebwa na boriti. Upana wa chumba ulikuwa umeachana na urefu wa mti.

Katika karne ya 20 saruji ikawa ya hapa hapa. Kiwanda cha Bamburi, Mombasa, kilianza kuzalisha mwaka 1954, kikichimba mwamba wa matumbawe ya kale; cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kikafuata mwaka 1966. Sakafu ya zege iliyopigwa niru, ikatiwa rangi nyekundu na kusuguliwa kwa nta, ikaenea shuleni, kwenye zahanati na majumbani. Wanafunzi wengi wa bweni waliifahamu kwa magoti yao.

Lakini saruji ilikuja na tabia ambayo chokaa haikuwa nayo. Chokaa hupumua: unyevu ukipanda kutoka ardhini hupita ndani yake na kukaukia nje. Lipu ya saruji juu ya ukuta wa matumbawe huuzuia unyevu huo pamoja na chumvi yake, na chumvi ikikauka humomonyoa jiwe kwa nyuma. Ndiyo maana mafundi wanaohifadhi nyumba za kale za Unguja na Lamu hushauriwa kurudi kwenye chokaa.

Epoksi ilizaliwa mbali na kazi ya ujenzi. Mkemia wa Uswisi, Pierre Castan, alikuwa akitafuta kitu cha kutengenezea meno ya bandia alipoombea hataza ugunduzi wake mwaka 1938. Kampuni ya Ciba ilipata haki ya kuutumia, na mwaka 1946 gundi ya epoksi ikaonyeshwa kwenye maonyesho ya biashara ya Basel. Huko Marekani, Sylvan Greenlee alikuwa akifuata njia hiyo hiyo kwa ajili ya rangi. Siri ya epoksi imo katika ndoo mbili: moja ya resini, nyingine ya dawa ya kukazia. Zikikutana hufungamana, hutoa joto, na haziyeyuki tena. Mafuta, dizeli na sabuni kali haziidhuru kwa urahisi, kwa hiyo viwanda, hospitali, gereji na maghala viliipokea.

Hapa ndipo somo la wapiga chokaa linaporudi. Kizuizi ambacho saruji ilikiweka kwa kiasi, epoksi hukiweka karibu kabisa. Unyevu ukisukuma kutoka chini ya zege hukosa njia, ukainua tabaka kwa malengelenge, kisha likabanduka kama ganda. Mara nyingi mwenye jengo huilaumu rangi, ilhali kosa lilifanyika kabla ndoo haijafunguliwa.

Kwa hiyo kazi kubwa ni ya maandalizi. Zege jipya huachwa siku 28 au zaidi. Kipande cha nailoni cha karibu nusu mita kila upande hubandikwa sakafuni, kingo zake zikafungwa kwa utepe, kikaachwa angalau saa 16. Kikifunuliwa kikiwa na matone, au zege likiwa limebadilika rangi, kazi haianzi. Mafuta huoshwa. Utando dhaifu wa juu huondolewa kwa mashine yenye meno ya almasi, hadi uso uwe na ukwaruzo kama msasa. Vumbi hufyonzwa. Joto la sakafu nalo lizidi kwa nyuzi 3 lile ambalo umande huanza kutunga, jambo zito kwa miji ya pwani nyakati za masika.

Mchanganyiko ukikaa ndani ya ndoo hujipasha moto na kuganda, na jua la Dar es Salaam huharakisha zaidi, kwa hiyo fundi hukoroga kidogo kidogo na kumwaga mara moja. Epoksi ya maji, iliyo nyembamba, hufaa stoo isiyo na purukushani. Ya milimita 2 hadi 3, inayojisawazisha yenyewe, huhimili magari ya kubebea mizigo. Panapolowa hunyunyiziwa mchanga ili watu wasiteleze. Panapopigwa na jua epoksi hugeuka njano na kuwa chaki, hivyo hufunikwa kwa poliurethani. Baadaye utunzaji ni mwepesi: kuufagia mchanga kila siku kabla haujakwaruza, na kupiga deki kwa sabuni laini.

Mwenye nyumba ya matumbawe anayeitamani sakafu inayong'aa hana budi kuiacha epoksi na kumtafuta fundi wa chokaa. Mwenye ghala Tanga au Mombasa naye aulize kwanza kama nailoni ya kuzuia unyevu iliwekwa chini ya zege siku lilipomwagwa. Akikosa wa kumjibu, alipie kipimo cha unyevu kabla ya kulipia rangi.