Watu wa Tabata na Taka za Dar es Salaam

Yaliyoandikwa juu ya majumba, bandari na siasa za Dar es Salaam ni mengi, lakini namna mji huo ulivyoziondoa taka majumbani mwa watu wake imeandikwa kwa uchache, ilhali hapana jambo lidhihirishalo vizuri zaidi ni nani aliyehesabiwa kuwa mwenye haki mjini na ni nani aliyeachwa ajitazame mwenyewe.

Waingereza, kwa kanuni za majengo za mwaka 1924, waliugawa mji sehemu tatu, ambazo watu walizijua kwa majina ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Na huduma zikafuata mipaka ile ile, hata Kariakoo na jirani zake, walikosongamana watu wengi, wakapata fungu lililo haba kuliko yote. Aghalabu mwenye nyumba wa Uswahilini alichimba shimo uani, akatupa, akachoma, akafukia, na tadbiri hiyo ilifaa maadamu viwanja vilikuwa na nafasi na taka zenyewe zilikuwa maganda, majani na majivu. Mji ulipopewa hadhi ya jiji mwezi wa Desemba 1961 watu walikuwa wakimiminika kutoka kila upande wa nchi, na nafasi ya kuchimba mashimo ikawa inakwisha.

Kisha katika miaka ya mwanzo ya 1970 halmashauri zikavunjwa na kazi zao zikakabidhiwa maofisa wa mikoa, jambo lililoleta taksiri kubwa mijini, mitaro ikaziba na uchafu ukarundikana; hata maradhi ya kipindupindu yalipozuka, ikalazimu sheria itungwe mwaka 1978 ya kuzirejesha halmashauri za miji.

Halmashauri iliyorejea ilikuta magari machache, wakazi wengi, na jaa la Tabata, lililokwisha kuzungukwa na maskani za watu. Taka zilizoondoshwa milangoni mwa wengine zilitupwa na kuchomwa milangoni mwa watu wa Tabata, wakawa wanaishi katika moshi, uvundo na inzi. Mwaka 1988 Joseph Kessy na wenziwe waliishtaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu, nayo mahakama ikaamuru jaa lile lisitumiwe tena, pakatafutwe mahali pasipomdhuru mtu. Halmashauri ikaomba muda. Muda ukapita, ikaomba mwingine. Mwaka 1991 shauri lilipofika tena mbele ya Jaji Lugakingira, alikataa, akasema kwamba hajapata kusikia popote mamlaka ya umma ikienda mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha uhai wa watu. Akaitegemeza rai yake juu ya ibara ya 14 ya Katiba, inayompa kila mtu haki ya kuishi. Haki za binadamu zilikuwa zimetiwa katika Katiba mwaka 1984 tu, na mimi nahesabu kuwa ni fahari ya nchi hii kwamba miongoni mwa watu wa mwanzo kuzitumia walikuwamo majirani wa jaa la taka.

Halmashauri ikahamishia magari yake Kunduchi Mtongani, mahali ambapo mpango mkuu wa jiji ulipatenga kwa makazi. Wakazi zaidi ya mia saba, Festo Balegele akiwa mbele yao, wakaenda mahakamani nao wakashinda. Ndipo zikafuata Vingunguti, kisha Mtoni, na hatimaye Pugu Kinyamwezi, ambako dampo la jiji limekaa miaka mingi.

Mwaka 1994 uzoaji wa taka katika kata 10 za katikati ya mji ulikabidhiwa kampuni binafsi, iliyotakiwa ijilipe kwa ada za wakazi na wafanyabiashara. Lakini watu waliozoea kuona kazi hiyo ikifanywa bure, au isifanywe kabisa, hawakuwa wepesi wa kulipa. Baadaye utaratibu huo ulienezwa kata nyingi, vikiwamo vikundi vya wanawake na vijana, ambao kwa mikokoteni waliingia vichochoro visivyopitika kwa gari, wakazifikisha taka mahali gari litakapozichukua. Hao ndio walioifikisha huduma Uswahilini, na ujira wao haujapata kulingana na dhima waliyoibeba.

Kosa lililorudiwa katika miaka yote hiyo ni moja: kufikiri juu ya kuzoa kabla ya kufikiri juu ya kutupa, na kudhani kwamba pembeni mwa mji hapana watu. Basi kila diwani anayeapishwa leo azisome hukumu za Tabata na Kunduchi kabla hajanyoosha kidole kwenye ramani, na awaendee kwanza wale watakaolala karibu na dampo lake, awasikilize.