Siti ya baiskeli ya kukunja: nani amfuate mwenzake, mtu au kifaa?

Test zimeisha, boom bado halijatoka, basi leo tupige stori ya historia. Sio ile ya Berlin 1884, hiyo tumeimeza toka sekondari mpaka imetoka puani. Leo nawapeleka kwenye kitu kidogo kabisa: siti ya baiskeli. Hasa siti ya zile baiskeli ndogo za kukunja, za mtumba toka Japani. Swali langu ni moja tu: kati ya mtu na kifaa, nani anatakiwa amfuate mwenzake?

Tuanze mbali. Mwaka 1817, kule Mannheim, Ujerumani, bwana Karl Drais alitoka barabarani na mashine ya magurudumu mawili isiyo na pedeli. Unakaa juu yake halafu unasukuma ardhi kwa miguu, kama mtu anayekimbia huku amekaa. Sasa fikiria: siti ikiwa juu mno miguu haifiki chini, safari hakuna. Kwa hiyo suala la kimo cha mtu lilikuwepo toka siku ya kwanza.

Miaka ya 1870 likaja lile dude la gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma. James Starley wa Coventry, Uingereza, ni mmoja wa waliolitangaza sana. Pedeli zilifungwa kwenye gurudumu la mbele moja kwa moja, hakuna mnyororo. Maana yake gurudumu likiwa kubwa, mzunguko mmoja unakupeleka mbali zaidi. Basi kila mtu alitaka kubwa, lakini kikomo kilikuwa miguu yako mwenyewe! Ulinunua gurudumu kwa kupima mguu, kama unavyonunua suruali. Mrefu alipata mwendo kasi, mfupi akabaki nyuma, na wala halikuwa suala la bidii. Mungu kakupa miguu mifupi, basi na mwendo mfupi.

Mwaka 1885 mpwa wake, John Kemp Starley, akatoa baiskeli aliyoiita Rover. Magurudumu yanakaribiana ukubwa, na mnyororo unazungusha gurudumu la nyuma. Wengi tunasifia mnyororo kwa ajili ya usalama, kwamba huanguki tena kutoka ghorofani. Mimi naona kuna jambo kubwa kuliko hilo: mwendo ulitenganishwa na urefu wa mguu. Siti unaipandisha au kuishusha, baiskeli inabaki ile ile. Mfupi naye akapata haki yake.

Kukunja nako kuna historia yake. Miaka ya 1890 jeshi la Ufaransa lilijaribu baiskeli ya kukunja ya Kapteni Henry Gérard, ambayo askari aliweza kuibeba mgongoni. Vita Kuu ya Pili, kampuni ya BSA ya Uingereza ikatengeneza makumi ya maelfu kwa ajili ya askari wa miavuli, na Juni 1944 baadhi zilishuka na wanajeshi fukwe za Normandy. Askari hapimwi goti, anapewa kilichopo.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1962. Injinia Alex Moulton, yule yule aliyebuni springi za mpira za gari la Mini, alitoa baiskeli ya magurudumu madogo ya inchi 16 na fremu iliyoshuka chini katikati. Yake haikuwa ya kukunja, lakini wazo lake ndilo limebeba nyingi zilizofuata: fremu moja kwa baba, mama na kijana, mwenye sketi na mwenye suruali. Kinachobadilika ni siti na usukani tu, vinapanda na kushuka. Halafu Harry Bickerton akaja na yake ya alumini mwaka 1971, Andrew Ritchie akaanza kubuni Brompton jijini London katikati ya miaka hiyo ya 70, na David Hon kule Marekani akaanzisha Dahon mwaka 1982.

Sasa hapa ndipo utamu ulipo. Baiskeli ya kawaida fundi anakurekebishia siti mara moja, basi, mwaka mzima umesahau. Ya kukunja lazima uishushe siti kila ukikunja. Kwenye Brompton bomba la siti likishuka ndilo linalofunga kila kitu kisifunguke. Kwa hiyo kila asubuhi unajipima upya! Ukiwa na haraka unaipandisha nusu tu, unaondoka, na goti linalipa deni.

Haya ndiyo yaliyomkuta mwenzangu wa chumba. Kanunua moja kwa hela ya boom, wiki ya tatu magoti yanamuuma kwa mbele, sasa anataka kuiuza kwa bei ya kutupa. Mwezi ujao tunakwenda field, na shule aliyopangiwa iko kama kilomita sita kutoka atakapolala. Akiuza, ni miguu au bodaboda kila siku, na posho tunaijua ilivyo. Anasema, "Mimi sio mtu wa baiskeli." Nikamwangalia akipanda: pedeli ikiwa chini kabisa goti bado limekunjika kama amekaa kwenye kigoda. Mtu gani hapo? Siti ndiyo iko chini.

Wataalamu walishalifanyia kazi hili. Mwaka 1967 watafiti wa Kiingereza Hamley na Thomas walipendekeza kwamba kutoka pedeli ikiwa chini hadi juu ya siti iwe asilimia 109 ya urefu wa mguu kwa ndani, toka msambani hadi chini ya kisigino. Baadaye Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France 1986, 1989 na 1990, akatangaza njia aliyoipata kwa kocha wake Mfaransa Cyrille Guimard: zidisha mguu kwa 0.883, pima kutoka katikati ya ekseli inayoshika mikono ya pedeli hadi juu ya siti. Mwenzangu mguu wake ni sm 80. Njia ya kwanza inatoa 87.2. Ya pili 70.6, ongeza mkono wa pedeli sm 17, unapata 87.6. Njia mbili, tofauti haifiki nusu sentimita!

Kama huna futi kamba, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini: mguu unyooke. Ukirudisha sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Bomba limelala kwa nyuma, kwa hiyo ukilivuta sm 10 siti inarudi nyuma kama sm 3. Mikono ikianza kuvutika, sogeza siti mbele kwenye reli zake, na kama usukani wako unapanda, upandishe kidogo. Siti yenyewe ilale sawa, isiinue pua. Usivuke alama ya mwisho iliyochorwa kwenye bomba, ukivuka linaweza kuvunjika nawe uko juu. Mwisho, ukishapata kipimo chako chora mstari kwa marker penati. Kila asubuhi unavuta hadi mstari, unabana, unaondoka.

Tulichora mstari juzi. Bado hajaamua kuuza au la, magoti yanahitaji siku kadhaa kutulia.

Mimi nabaki na la ualimu. Wengi tulijifunza baiskeli kubwa ya baba kwa kupitisha mguu chini ya mtalimbo, mwili umepinda kama ndoano. Tuliweza, na tukadhani ndivyo inavyotakiwa. Field tutakuta watoto arobaini, kimo arobaini, na sisi tuna somo moja. Kabla ya kusema huyu sio mtu wa hesabu, tuangalie kwanza siti iko wapi.

Haya, tukutane vimbwetani. Vile navyo ni vya saruji, havipandi wala havishuki!