Namba ya Oktani: Petroli ya "Premium" Ina Nini cha Zaidi?

Cadillac Escalade ni gari kubwa la kifahari la Kimarekani. Lile lenye injini ya V8 ya lita 6.2, kiwanda kinashauri litiwe petroli inayouzwa kwa jina la "premium". Mwenye gari akifika kituoni anakuta vitufe vitatu: 87, 89, na cha tatu 91 au 93. Namba ikipanda, bei nayo inapanda. Kuna wanaobonyeza ya juu wakiamini gari la fedha nyingi halistahili mafuta ya bei nafuu. Kuna wanaobonyeza 87 wakisema petroli ni petroli. Wote wanabishania jina, na jibu limo kwenye namba ya oktani.

Tuanze na tahajia. Wengi hutamka "okteni" kwa kufuata sikio la Kiingereza. Lakini oktani ina ndugu zake wenye majina yaliyokwisha kuzoeleka: methani, propani, butani iliyomo kwenye mtungi wa gesi. Mwisho wa "-eni" ni wa ukoo mwingine wa kikemia, kama etheni inayotengenezewa plastiki. Anayeandika "okteni" ametaja kemikali nyingine kabisa.

Pili, tuseme "namba ya oktani" au "kiwango cha oktani"? Mwaka 1926, Graham Edgar wa Ethyl Corporation alichagua vimiminika viwili viwe mizani. Isooktani, inayostahimili mgandamizo vizuri, ilipewa 100. Heptani, isiyostahimili, ikapewa 0. Petroli inayofanya kazi sawa na mchanganyiko wa asilimia 95 ya isooktani na asilimia 5 ya heptani huitwa 95, hata kama isooktani iliyomo ndani yake ni kidogo. Ethanoli haina oktani hata tone, na bado namba yake inapita 100. Ukisema "kiwango", msomaji atadhani tunapima oktani iliyomo kwenye petroli kama vijiko vya sukari kwenye chai. "Namba" ni salama zaidi.

Namba hiyo inapima nini basi? Inapima ukinzani dhidi ya kugonga. Pistoni inapopanda hugandamiza hewa na petroli, plagi inatoa cheche, na moto husambaa kutoka kwenye plagi kuelekea kingo za silinda. Joto na mgandamizo vikizidi, mchanganyiko ulio pembeni hulipuka wenyewe kabla moto haujaufikia. Shinikizo hupanda ghafla na chuma kinalia ka-ka-ka, hasa gari linapopanda mlima kwa gia kubwa. Mafundi wana neno "kunoki", ila mtaani injini iliyonoki ni ile iliyokufa, ya kushushwa. Beringi zilizolika nazo hugonga. Ili kutenganisha mambo haya, naona "kugonga kwa mwako" kunatosha.

Kwa hiyo oktani ya juu maana yake ni petroli inayovumilia kugandamizwa bila kulipuka kabla ya zamu yake. Haina nguvu zaidi ndani yake. Wala namba peke yake haisafishi injini: nchini Marekani sheria inataka petroli zote, ya 87 ikiwemo, ziwe na kemikali za kusafisha tangu 1995. Injini iliyoundwa kwa mgandamizo mdogo haina cha kufanya na uvumilivu huo wa ziada. Mwaka 2016, chama cha waendesha magari cha Marekani, AAA, kilikadiria kwamba Wamarekani walikuwa wamepoteza zaidi ya dola bilioni 2.1 katika miezi 12 kwa kununua "premium" ya magari yaliyoundwa kutumia petroli ya kawaida.

Escalade iko kundi jingine. Uwiano wake wa mgandamizo ni 11.5 kwa 1, hivyo oktani ya juu ina kazi ya kufanya humo. Je, ukiitia 87 injini itakufa? Hapana. Sensa iliyofungwa kwenye bloku ya injini husikia mtikisiko wa kugonga, na kompyuta huchelewesha cheche kidogo. Injini inasalimika, ila nguvu inapungua na mafuta yanalika zaidi. Mwaka 2017 AAA ilipima magari kadhaa ambayo viwanda vyake vinashauri "premium" bila kuilazimisha. Kwa wastani ulaji wa mafuta uliboreka kwa asilimia 2.7 tu. Escalade ndiyo iliyonufaika kuliko zote, asilimia 7.1, Audi A3 haikupata kitu. Wakati huo tofauti ya bei ilikuwa asilimia 20 hadi 25. Piga hesabu: safari iliyokula dola 100 za petroli ya 87, Escalade ingeila kwa takriban dola 112 hadi 117 za "premium". Mwenye kuvuta trela milimani wakati wa joto anaweza kuona dola hizo 12 hadi 17 zina maana. Anayepeleka watoto shule, hapana.

Hapo ndipo maneno mawili ya kitabu cha gari yanapaswa kufasiriwa kwa uangalifu. "Inashauriwa" inakuachia uamuzi. "Inatakiwa" haikuachii: injini hiyo, mara nyingi ya turbo, imeundwa kwa oktani ya juu, na kubana matumizi kunaweza kuishia gereji.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna mtego mwingine. Namba za Marekani ni wastani wa vipimo viwili, RON na MON. RON hupimwa injini ya majaribio ikizunguka mara 600 kwa dakika. MON mara 900, mchanganyiko ukiwa umepashwa joto zaidi, kwa hiyo hutoka ndogo. Japani na Ulaya hubandika RON peke yake. Hivyo 91 ya Marekani inakaribia 95 au 96 ya RON. Gari lililoshuka bandarini kutoka Japani likiwa na kibandiko cha "haioku", yaani oktani ya juu, kwenye kifuniko cha tangi linadai RON isiyopungua 96. Petroli ya kawaida ya huko huanzia 89.

Na jina "premium" halitusaidii, kwa sababu katika nyaraka za biashara ya mafuta za ukanda wetu petroli ya kila siku tayari inaitwa Premium Motor Spirit, na Kenya huitangazia bei kwa jina la Super. Tukitafsiri "petroli bora", tutakuwa tumeisifu petroli ileile ya bodaboda. Napendekeza tuseme "petroli ya oktani ya juu" na "petroli ya oktani ya kawaida", kisha tutaje namba pamoja na kipimo chake: RON 91, RON 95. Mteja akiwa na namba ya RON ya kifuniko cha tangi mkononi, amuulize muuzaji RON ya pampu. Zikilingana, au ya pampu ikizidi, ajaze na aondoke.