Betri ya Boda Boda na Msimu Ambao Hatukuwa Nao

Kitabu cha maelekezo kinachokuja na pikipiki mpya mara nyingi huwa na ukurasa mmoja unaohusu kukihifadhi chombo kwa muda mrefu. Huagiza betri itolewe, ichajiwe hadi ijae, iwekwe mahali pakavu, kisha ichajiwe tena kila baada ya mwezi mpaka msimu wa kuendesha utakaporudi. Mwanafunzi wa Kampala akiusoma ukurasa huo atauliza: msimu gani? Boda boda hapa kwetu huamka kabla ya adhana ya alfajiri na hulala baa zikishafungwa. Haina likizo. Katika insha hii nitadai kwamba ukurasa ule umebeba historia ya nchi za baridi, kwamba kwa miaka mingi hatukuuhitaji, na kwamba mwaka 2020 tuliuhitaji ghafla wakati hakuna aliyekuwa akiukumbuka.

Nianze na chombo chenyewe. Betri ya risasi na asidi ilibuniwa Ufaransa mwaka 1859 na Gaston Planté. Alichukua mabamba mawili ya risasi, akayatenganisha, akayaviringisha pamoja na kuyatumbukiza katika asidi ya salfa iliyochanganywa na maji. Mwaka 1881 Camille Faure, Mfaransa mwingine, alipaka mabamba hayo uji wa oksaidi ya risasi, na betri ikaweza kushika umeme mwingi zaidi na kutengenezwa viwandani. Ndani ya betri ya leo iliyo chini ya kiti cha pikipiki, kanuni ni ileile. Umeme unapotoka, mabamba hufunikwa na chumvi ya risasi. Ukiichaji, chumvi hiyo huyeyuka na kurudi ilikotoka. Ukiiacha tupu kwa wiki nyingi, chumvi huganda kuwa fuwele ngumu ambazo chaja haiwezi kuzivunja tena. Hapo ndipo betri hufa, na kifo chake hakina mlio.

Pikipiki hazikuikumbatia betri mara moja. Mwanzoni mwa karne ya 20 waendeshaji wengi wa Ulaya walipendelea magineto, mashine ndogo inayofua umeme wa plagi kwa mzunguko wa injini yenyewe. Kampuni ya Robert Bosch ilitoa magineto ya volti za juu mwaka 1902, na kwa miongo kadhaa pikipiki nyingi zilitembea bila betri yoyote. Taa ziliwaka kwa gesi ya kabaidi. Betri ilirudi kwa nguvu pale watu walipotaka taa za umeme, honi, na baadaye kuwasha injini kwa kubonyeza kitufe badala ya kupiga kiki.

Huko Ulaya ndiko ukurasa wetu ulikozaliwa. Theluji ikianguka, pikipiki hufungiwa ghalani kwa miezi. Betri iliyojaa huvumilia baridi kali kwa sababu asidi yake ni nzito. Iliyoisha umeme hubaki na kimiminika kinachokaribia maji, nacho huweza kuganda nyuzi chache tu chini ya sifuri na kulipasua kasha. Basi mtu aliyeyaandika maelekezo yale hakuwa akitoa nasaha za jumla. Alikuwa akimwambia jirani yake jinsi ya kuvuka majira ya baridi.

Kwetu mambo yalianzia kwenye baiskeli. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1960, huko Busia, vijana waliwabeba wasafiri na mizigo kati ya vituo viwili vya mpakani, wakiita wateja kwa jina la mpaka lenyewe: boda, boda. Baiskeli ile, ikiwa na taa, ilikuwa na dainamo inayosuguana na tairi. Ukipunguza mwendo taa inafifia, ukisimama inazimika. Hapakuwa na kitu cha kutunza isipokuwa waya. Miaka ya 1990 pikipiki zilianza kuchukua nafasi hiyo, na kazi ikahamia mijini kwa wingi. Mwendeshaji alirithi jina, kijiwe na wateja. Alirithi pia, nadhani, tabia ya dainamo.

Nasema hivyo kwa sababu pikipiki nyingi ndogo za boda boda huwaka kwa kiki hata betri ikiwa imekufa kabisa. Injini hujitengenezea umeme wa plagi. Katika baadhi yake hata taa kubwa hutegemea injini, nayo hung'aa injini inapovuma na kufifia inapopumua kwenye foleni, kama ile ya baiskeli ya Busia. Kwa hiyo betri mbovu haimsimamishi mtu kazini. Inamnyima honi, indiketa na taa ya breki, yaani vile vitu vinavyowafaa wengine barabarani kuliko yeye. Oili, cheni, breki na plagi huhudumiwa vizuri zaidi, maana zikiharibika humuumiza mwenyewe siku hiyohiyo.

Ili kujua betri hutunzwaje kwa kweli, nilikaa siku tatu na fundi mmoja wa Katwe aliyezishika pikipiki tangu zilipokuwa chache mjini. (Neno fundi, kwa njia, limeingia katika Luganda bila pasipoti. Katika gereji Kiswahili kilitangulia kabla hakijafika darasani.) Jambo la kwanza alilonionyesha ni mistari miwili kwenye kasha la betri ya maji. Kiwango kinatakiwa kikae katikati. Kikishuka, huongezwa maji ya betri peke yake, kwa kuwa kinachopotea wakati wa kuchaji ni maji, asidi hubaki. Wapo wanaoongeza asidi wakidhani wanaitia betri nguvu, kumbe wanayala mabamba yake. Wapo wanaotia maji ya bomba, na madini yaliyomo huiharibu taratibu.

Akitoa betri, hufungua waya wa hasi kwanza, na akiirudisha huufunga mwisho. Nilimuuliza sababu. Alinionyesha kwamba fremu nzima imeungwa na upande wa hasi. Spana ikiwa kwenye chanya na ikagusa fremu, cheche huruka, na juu ya betri inayotoka kuchajiwa huwa kuna gesi inayolipuka. Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri huuosha kwa maji ya moto yenye magadi, kisha hukausha na kupaka grisi. Halafu hufuata kile kibomba cha pumzi ambacho wengi hawakioni. Kikibanwa, gesi inakosa njia. Kikikatwa kifupi, matone ya asidi huangukia cheni.

Kwa mita yake, betri iliyopumzika ikisoma volti 12.6 imejaa, ikishuka chini ya 12 imekwisha. Injini ikivuma hutaka kuona kati ya 13.5 na 14.5. Ikipita 15, regyuleta imeharibika na betri inachemshwa, hata ukiijaza maji kila asubuhi. Kipimo hiki huchukua dakika mbili, naye hakitozi. Aliniambia wateja wachache sana hukiomba.

Sasa nije mwaka 2020. Mwezi Machi, kwa ajili ya korona, serikali ya Uganda ilizuia boda boda kubeba abiria. Mizigo iliruhusiwa kwa masharti ya saa, ila mizigo haikuwatosha wote. Abiria walirudi tarehe 27 Julai. Kwa miezi minne pikipiki nyingi zilisimama uani, chini ya turubai au chini ya mwembe, kwa mara ya kwanza tangu ziliponunuliwa. Hayo ndiyo yalikuwa majira yetu ya baridi, nayo yalikuja na jua. Betri isiyotumika hujimaliza yenyewe, na joto huharakisha: takriban kila nyuzi 10 zinapoongezeka, kasi hiyo hukaribia kuwa maradufu.

Mjomba wangu alikuwa miongoni mwa waliosimama. Alirudi barabarani mwisho wa Julai akiwa na madeni ya kodi ya nyumba na mkopo wa pikipiki, na betri haikushika chaji. Fundi wa Katwe anakumbuka wiki hizo kwa foleni ya watu wenye shida moja. Waliokuwa wakibeba posho na matoke wakati wa zuio, ananiambia, betri zao zilipona. Waliotii amri kwa ukamilifu ndio walionunua mpya, wakati ambapo hawakuwa na fedha. Waya mmoja ukifunguliwa na chaji moja kwa mwezi ingewaokoa wengi. Maelekezo hayo yalikuwa kwenye ukurasa wa nchi ya theluji.

Tangu hapo kazi ya kutunza imeendelea kuhama mikono. Betri zilizofungwa, ambazo teknolojia yake ilisambaa kuanzia miaka ya 1970, hazina vifuniko vya kuongezea maji. Fundi hazipendi sana, ingawa anakiri hazimwagiki. Kigali wamefika mbali zaidi: kampuni ya Ampersand ilianza mwaka 2019 kuendesha vituo ambako mwendeshaji wa pikipiki ya umeme huacha betri iliyoisha na kuchukua iliyojaa, na kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za abiria mjini humo zinatakiwa kuwa za umeme. Huko betri si ya mwendeshaji. Hapimi, haoshi, hajui umri wake. Naona faida yake wazi, lakini mjomba angeuliza nani hulipa kituo kikifungwa miezi minne.

Betri ya risasi nayo haiishi inapokufa. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walitiwa sumu ya risasi na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu karibu na nyumba zao. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Katwe vyuma chakavu hununuliwa kwa kilo. Mnunuzi hutaka asidi imwagwe kwanza, asije akalipia uzito wa maji, na mtaro uko hatua tano kutoka mezani. Fundi hukataa kumwaga, hivyo hulipwa pungufu, au husubiri mnunuzi mwingine. Siku ya tatu niliyokaa naye betri zilizokufa zilikuwa kumi na moja, zimepangwa wima chini ya meza, vifuniko vimekazwa.