Fishi imeingia, lakini umeme je? Adapta, volti na vyombo vyetu safarini

Ampli ya kwaya yetu iliungua siku ya Jumamosi jioni, kesho yake ikiwa ibada ya mavuno. Ilikuwa imetoka mbali. Wakristo wa parokia yetu waliohamia Marekani walichanga kwa miezi mingi, wakainunua huko, na ndugu mmoja aliyekuja kuwaona wazazi wake akaibeba ndani ya valizi, akapunguza nguo zake ili kilo zisizidi. Fishi yake ilikuwa na meno mawili bapa, haikuingia katika prizi yetu. Kijana wa kwaya akakimbia sokoni kununua adapta. Mimi ndiye niliyempa pesa. Adapta ikakaa vizuri, taa ikawaka, akina mama wakapiga vigelegele. Hata mikro hatujaijaribu, moshi ukatoka.

Fundi alipofungua alituonyesha transfoma ya ndani, nyeusi kama mkaa. Kisha akageuza chombo na kuweka kidole juu ya lebo ndogo ya nyuma: 120V, 60Hz. Maneno hayo yalikuwapo tangu siku ya kwanza. Hakuna kati yetu aliyeyasoma, wala mimi niliyesoma Kigiriki na Kiebrania.

Nimeandika makala hii kwa ajili ya wajumbe wanaojiandaa kwa mikutano ya nje, na kwa makanisa yanayopokea vyombo kutoka kwa ndugu wa ng'ambo. Kosa ni lilelile kwa pande zote mbili: kudhani kwamba fishi ikiingia ukutani, basi chombo kimekubaliana na umeme wa nchi ile.

Adapta hubadilisha umbo tu

Adapta ya kawaida ni vipande vya chuma ndani ya plastiki. Kazi yake ni kulipatanisha jino la fishi na tundu la prizi, basi. Umeme unaoingia upande mmoja ndio unaotoka upande wa pili, kwa nguvu ileile.

Nguvu hiyo hupimwa kwa volti. Kwetu Kongo ni 220. Burundi ni 220, Rwanda na Tanzania 230, Uganda na Kenya 240, Ulaya 230. Tofauti hizo ndogo hazina shida kwa vyombo vingi. Chombo cha Bukavu kitafanya kazi Kampala au Brussels. Shida kubwa iko kati ya kundi hili na nchi zinazotumia karibu nusu yake: Marekani na Kanada ni 120, Japani ni 100. Kuvuka mpaka huo bila kusoma lebo ndiko kulikotuunguza.

Lebo hupatikana nyuma au chini ya chombo, au juu ya chaja yenyewe. Tafuta neno INPUT, au ENTRÉE kama kimeandikwa Kifaransa. Ukiona 100-240V na 50/60Hz, shukuru: chombo hicho kinajirekebisha chenyewe, na popote utakapokwenda adapta ya bei ndogo inatosha. Chaja nyingi za simu, kompyuta ya kubeba na kamera ziko hivyo. Ukiona namba moja tu, 120V au 220V, basi chombo kinajua umeme wa aina moja, na adapta pekee haitakiokoa.

Vyombo vya joto ndivyo hudanganya watu zaidi, kwa sababu vinaonekana ni vya kawaida: pasi, birika la umeme, mashine ya kukausha nywele. Volti zikiongezeka mara mbili, joto halizidi mara mbili bali mara nne. Pasi ya Marekani ya wati 1,200 ikichomekwa katika 220 inajaribu kuvuta zaidi ya wati 4,000. Itaungua, na inaweza kuanzisha moto. Upande wa pili ni hasara isiyo na hatari sana: birika letu la wati 2,000, likipelekwa Marekani, hubaki na karibu wati 600, na chai inangojewa mpaka mtu asahau. Mama wachungaji, pasi iacheni nyumbani. Nyumba ya wageni huwa na moja.

Kuna jambo la Hz pia. Sisi tuko 50, Wamarekani 60. Chombo chenye mota kilichotengenezwa kwa 60 kitazunguka polepole zaidi kwetu, na transfoma yake inaweza kupata joto kupita kiasi. Hapa hata kushusha volti hakutibu, maana Hz hazibadiliki.

Kama chombo cha 120V kimeshafika

Msikichomeke. Kwanza angalieni nyuma kama kuna kitufe kidogo cha kusogeza chenye namba 115 na 230. Baadhi ya ampli na kompyuta za mezani huwa nacho, na kukisogeza hadi 230 kabla ya kuchomeka kunamaliza neno. Kisipokuwapo, itahitajika transfoma ya kushusha, kutoka 220 hadi 110 au 120. Hiyo ni boksi zito lenye shaba ndani, nalo huuzwa kwa wati. Ampli ikiandikwa wati 300, msinunue transfoma ya 300. Chukueni ya 500, kwa sababu besi inapopiga huvuta kwa ghafula. Jihadharini na kigeuzi kile chepesi cha mfukoni kinachoandikwa wati 1,600: kimetengenezwa kwa ajili ya vyombo vya joto tu, na kinanda au ampli kikiunganishwa nacho kinaharibika hata kama volti zinaonekana sawa.

Hesabu ya haraka kwa wazee wa fedha: ampea mara volti ni wati. Adapta iliyoandikwa 6A inabeba wati 1,320 kwetu, lakini Marekani inabeba wati 720 tu.

Maumbo utakayokutana nayo

Ukienda Bujumbura au Kigali, fishi yetu ya meno mawili ya duara kwa kawaida huingia bila tatizo. Uganda na Kenya ni meno matatu manene ya pembe nne, kama Uingereza, na Tanzania prizi nyingi ni hizohizo. Tundu la juu la prizi hii ni la waya wa ardhi, na jino lake refu ndilo linalofungua vifuniko vya ndani vya matundu mawili ya chini. Basi ndugu zetu wamejifunza njia ya mkato: wanasukuma kalamu au kijiti katika tundu la juu, vifuniko vinafunguka, fishi yetu ya duara inaingizwa kwa nguvu. Nimeona hivyo hata katika semina ya wachungaji. Acheni. Fishi hiyo haishiki vizuri, inalegea, inatoa cheche, na anayefuata anaweza kusukuma msumari badala ya kalamu. Isitoshe, fishi ya Kiingereza ina fyuzi ndogo ndani yake, ya ampea 3, 5 au 13, ambayo hukatika waya unapozidiwa. Anayepita kwa kijiti ameiruka. Adapta ya kweli inapatikana mjini Kampala katika duka lolote la vifaa vya umeme.

Afrika Kusini ni jambo jingine. Prizi nyingi zina matundu matatu makubwa ya duara, na adapta zinazoitwa za dunia nzima mara nyingi hazina umbo hilo. Nunua ya kwao ukifika, au waombe wenyeji wakuwekee.

Ufaransa na Ubelgiji prizi ina jino la chuma linalotokeza kutoka ukutani, Ujerumani haina. Fishi nene ya kisasa yenye tundu katikati na vipande vya chuma pembeni huingia kote kuwili, kwa hiyo anayekwenda Wuppertal na kompyuta yake kwa kawaida hahitaji kitu. Geneva, ambako yako makao ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni, prizi ni ya Kiswisi, matundu matatu membamba. Chaja ya simu yenye fishi nyembamba inaingia. Fishi nene ya kompyuta haiingii. Mjumbe anaweza kukaa na hotuba iliyozimika ndani ya mashine mpaka apate adapta.

Ukisafiri na kundi, kuna njia rahisi: adapta moja nzuri pamoja na ralonji ya nyumbani yenye matundu manne. Chaja za simu za wajumbe wanne hazivuti umeme mwingi. Lakini birika lisiguse ralonji hiyo. Na chombo chenye waya wa ardhi kisipitishwe katika adapta ya meno mawili tu, maana ulinzi wake unakatikia hapo.

Betri ya akiba ya simu, ile tunayoiita power bank, haiwekwi katika valizi inayopelekwa chini ya ndege. Inabebwa mkononi. Kipimo ni Wh: hadi 100 inakubaliwa kwa kawaida, kati ya 100 na 160 ni lazima kampuni ya ndege iruhusu, zaidi ya hapo haipandi. Ikiwa imeandikwa mAh peke yake, zidisha kwa 3.7 kisha gawanya kwa 1,000. Ya 20,000 ni 74Wh. Ile ambayo maandishi yamefutika inaweza kuchukuliwa uwanjani, nawe huna la kujitetea. Kwa ndugu zetu ambao familia zao ziko mahali penye vita, simu kuzimika ugenini ni usiku mzima bila kujua watoto wamelala wapi. Kwa hiyo kagua betri hiyo kabla ya kufunga mzigo.

Mzee anayetumia mashine ya kumsaidia kupumua usiku asingoje kufika. Apige picha ya lebo, aitume kwa wanaomkaribisha, waandae kinachofaa kabla.

Nasi tumeanza kufanya hivyo kwa zawadi. Ndugu wa Marekani wakituandikia kwamba wameona kinanda au bafle zenye umeme wake dukani, tunawaomba watume kwanza picha ya lebo ya nyuma. Mara mbili sasa tumewajibu kwamba wasinunue, watume pesa. Vyombo tulivinunua Kampala, vya 240V, na fundi akabadilisha fishi tu.